La Loire à Vélo: njia ndefu ya baiskeli inayofaa kuanziwa baharini

Miongoni mwa njia za masafa marefu za baiskeli zinazopita vijijini Ufaransa, La Loire à Vélo ndiyo inayotangazwa zaidi, na matangazo yake karibu yote huonyesha mambo yale yale: kasri jeupe, mto mtulivu na familia inayotabasamu ikiwa juu ya baiskeli. Picha hizo si za uongo, ila zinamficha msafiri mambo mawili anayohitaji kuyajua kabla ya kununua tiketi ya treni. La kwanza ni kwamba sehemu zilizo bora za njia hii ziko mbali na makasri maarufu, na la pili ni kwamba upande ambao watu wengi hushauriwa kuanzia ndio ulio mgumu.

Njia yenyewe ina urefu wa takriban kilomita 900. Upande wa juu inaanzia Cuffy, karibu na mji wa Nevers, pale mto Allier unapoungana na Loire, mto ambao njia hii huufuata, na upande wa chini inaishia Saint-Brevin-les-Pins, kwenye ufuko wa Atlantiki. Mradi huu ulianzishwa mwaka 1995 na mikoa miwili, Centre-Val de Loire na Pays de la Loire, na leo ni sehemu ya EuroVelo 6, njia inayovuka Ulaya kutoka Atlantiki hadi Bahari Nyeusi. Kuna vipande vilivyotengwa kwa ajili ya baiskeli na watembea kwa miguu pekee, lakini sehemu kubwa ni barabara ndogo za mashambani ambako gari hupita mara chache. Vibao vya mwelekeo ni vingi na vimewekwa kwa uangalifu, kiasi kwamba nje ya miji mtu anaweza kusafiri bila kuifungua ramani. Ndani ya Tours na Nantes hali ni tofauti, kwani vibao hivyo vinamezwa na vingine, na hapo simu yenye ramani inahitajika.

Sasa nije kwenye suala la upande wa kuanzia. Wanaoshauri kufuata mto uendako husema kwamba maji hayapandi mlima, hivyo mwendeshaji atasaidiwa na mteremko. Hoja hiyo inavutia, ila hesabu inaikataa: Cuffy iko chini ya mita 200 juu ya usawa wa bahari, na mteremko huo ukigawanywa katika kilomita 900 hakuna mguu utakaouhisi. Kinachohisiwa ni upepo. Upepo wa bonde hili mara nyingi hutoka Atlantiki, yaani magharibi na kusini-magharibi, na anayeelekea baharini huupokea usoni mchana kutwa. Ukali wake huonekana hasa juu ya matuta makubwa ya udongo na mawe yaliyojengwa kwa karne nyingi ili kuuzuia mto usifurike. Njia hupita juu yake kwa masafa marefu, na huko juu hakuna mti wala ukuta wa kumkinga mtu. (Kwamba matuta hayo hayakufaulu daima huonekana kwenye kuta za nyumba za kando ya mto, zilizochongwa alama za kimo cha maji katika mafuriko makubwa ya 1846, 1856 na 1866.) Aliyebeba hema, nguo na chakula kwenye mikoba ya pembeni na akakutana na upepo wa mbisho juu ya tuta lililonyooka atajua haraka kwa nini napendekeza safari ianzie Saint-Brevin na kupanda kuelekea Nevers.

Kuanzia huko kuna faida nyingine. Kipande cha baharini, ambacho wengi hukifikia wakiwa wamechoka na kukipita wakiharakia treni, hupata heshima yake. Kwenye ufuko wa Saint-Brevin kuna kiunzi kikubwa cha nyoka wa alumini, kazi ya msanii Huang Yong Ping ya mwaka 2012, ambacho bahari hukifunika na kukifunua kwa kujaa na kupwa. Kutoka hapo njia inapita Paimbœuf, inafuata mfereji wa zamani wa Martinière, kisha inafika Le Pellerin, ambako pantoni huvusha watu na baiskeli hadi Couëron bila malipo. Tahadhari moja tu: anayeshukia treni Saint-Nazaire asilichukulie kwa wepesi daraja la kuvukia mdomo wa mto. Lina urefu wa zaidi ya kilomita tatu, ni refu pia kwenda juu, na malori hupita karibu mno na baiskeli. Ni afadhali kushukia Nantes, kwenda baharini kwa ukingo wa kusini, na kulala huko kabla ya kugeuza.

Kati ya Angers na Candes-Saint-Martin ndipo njia hii inapostahili sifa zake zote. Mwamba wa eneo la Saumur ni mwororo na mweupe, nao ndio uliokatwa ukajengewa makasri na miji ya bonde hili; mashimo yaliyobaki yamekuwa nyumba, maghala ya mvinyo na mashamba ya uyoga. Huko Souzay-Champigny njia inapita ndani kabisa ya mtaa uliochimbwa mwambani, na mtu hutoka kwenye jua kali akajikuta kwenye baridi ya pango, kisha akatokea tena kando ya mizabibu. Kuna vilima vifupi na mawe ya kutikisa mikono, na huenda ndiyo sababu msongamano wake ni mdogo.

Kutoka Chinon hadi Blois ni eneo la makasri, na hapa nina sifa chache kuliko wengi. Bustani za Villandry zinapendeza kweli, na Chambord, yenye vyumba 440 na ukuta wa kilomita 32 kuizunguka hifadhi yake, ni jengo la kumduwaza yeyote. Lakini katika Julai na Agosti njia hujaa, vyumba hupanda bei, na tiketi za kuingilia zikijumlishwa huzidi gharama za chakula. Shauri langu ni kuchagua makasri mawili ya kuingia ndani na kuyatazama mengine kutoka barabarani, kwani mengi yalijengwa ili yaonekane kwa mbali.

Baada ya Orléans watalii hupungua, na wanaoishia hapo hupoteza kipande nikipendacho zaidi. Kuna kanisa la abasia la Saint-Benoît-sur-Loire, kasri la Sully lililozungukwa na maji, kisha Briare, ambako mfereji unapita juu ya mto kwa daraja la chuma lenye urefu wa mita 662, lililofunguliwa mwaka 1896. Kutazama mashua ikielea juu ya mto ni jambo ambalo akili hukataa kulizoea. Mbele zaidi kuna kilima cha Sancerre, ambacho mtu anaweza kukikwepa lakini asikikwepe, na La Charité-sur-Loire yenye maduka yake ya vitabu vya mitumba. Picha za matangazo huiacha minara ya kupoozea ya vituo vya nyuklia vya Dampierre na Belleville, ambayo huonekana kwa saa nzima kabla na baada ya kuipita. Mimi haikunisumbua, lakini anayetaka mashamba matupu ajiandae.

Kwa upande wa huduma njia hii iko mbele ya nyingine nilizozipitia. Nyumba za wageni, kambi za mahema na mafundi wenye alama ya Accueil Vélo, yaani wanaopokea waendesha baiskeli, hawako mbali na njia, na wenye malazi wanatakiwa kuwa na mahali salama pa kuhifadhia baiskeli na vifaa vya matengenezo madogo. Kambi zinazomilikiwa na halmashauri za vijiji ni nafuu na safi. Katika majira ya joto treni za mkoa kati ya Orléans na Nantes huwa na nafasi nyingi za baiskeli, jambo linalomwezesha aliyechoka kuruka kipande kizima. Treni za mwendo kasi ni habari nyingine: nafasi za baiskeli ni chache na lazima ziwekwe mapema kwa malipo ya ziada.

Udhaifu mkubwa uko kwenye maduka. Vijiji vingi havina hata moja, na vilivyo nalo hulifunga saa za mchana, Jumapili alasiri na mara nyingi Jumatatu nzima. Mkate ununuliwe asubuhi, kila asubuhi. Maji si tatizo kwa anayejua kwamba makaburi ya vijijini karibu yote yana bomba, ingawa ni vizuri kusoma kwanza kama limeandikwa kwamba maji yake hayafai kunywewa. Mto wenyewe usimshawishi mtu kuogelea, hata ukionekana mtulivu kati ya fungu na fungu la mchanga. Mchanga huo huhama, na mkondo chini yake ni wa hatari.

Anayelinganisha na njia nyingine atasikia habari za mfereji wa Midi, uliokamilika mwaka 1681. Kutoka Toulouse huanza kwa lami nzuri, kisha katika jimbo la Aude hugeuka kuwa kijia cha mizizi na vumbi, na miti mingi iliyokuwa ikiufunika kwa kivuli imekatwa kwa sababu ya ugonjwa. Kwa wenye watoto wadogo, njia ya Burgundy iliyojengwa juu ya reli ya zamani kati ya Givry na Cluny ni fupi na laini kuliko hizo zote. Kusini ya Cluny ina handaki la kilomita 1.6 linalofungwa wakati wa baridi ili popo wasisumbuliwe.

La Loire à Vélo inamfaa zaidi mwenye muda wa wiki mbili, tairi zenye upana wa milimita 35 au zaidi, na uhuru wa kusafiri mwezi Mei, Juni au Septemba. Mwenye wiki moja tu aanzie Angers hadi Saumur, apande treni hadi Orléans, na amalizie Nevers.