Vitabu sita, na jinsi ya kuvisoma bila kukwama

Kintu, riwaya ya Jennifer Nansubuga Makumbi iliyotoka mwaka 2014, isisomwe bila karatasi na kalamu pembeni. Chora mti wa ukoo kabla hujamaliza sehemu ya kwanza. Juu kabisa mweke Kintu Kidda, mtawala wa Buddu, jimbo la Buganda, mwaka 1750. Ubavuni mwake andika wake zake pacha, Nnakato na Babirye, kisha Kalema, mtoto wa Ntwire aliyelelewa na Kintu kama mwanawe. Chini acha nafasi ya matawi manne ya mwaka 2004: Suubi, Kanani, Isaac Newton na Miisi. Asiyechora hupotea akifika kwa Kanani, kwa sababu pacha wa Kiganda wana majina yao maalumu, na majina hayo yanarudi kizazi baada ya kizazi. Msomaji wa Gulu au Arua hana budi kuyaandika kama msomaji wa Dar es Salaam.

Wengi pia hukosea kwa kuruka kurasa chache zinazomhusu Kamu. Huyu anauawa na umati kule Bwaise, Kampala, mwanzoni kabisa, na vipande vifupi vinavyofuata vinaeleza yanayotokea baada ya kifo chake. Ukimaliza kitabu rudi uvisome vyote kwa mfululizo. Ndipo uzito wake unapoonekana.

Kwa maoni yangu sehemu ya kwanza ndiyo bora kuliko zote. Safari ya kuvuka Lwera kwenda kwa Kabaka mpya, yaani mfalme wa Buganda, na kofi moja linalogeuza hatima ya ukoo mzima, zimeandikwa bila neno la ziada. Lwera ni hiyohiyo inayopitwa na mabasi ya Masaka, na kuijua barabara hiyo kunakiongezea kitabu ladha. Sehemu ya sita ni dhaifu kidogo: ukoo unakusanyika, watu wanakuwa wengi kwa mara moja, na wengine hawapewi nafasi ya kutosha kusema yao. Hata hivyo hakuna riwaya ya Uganda ninayoipendekeza kabla ya hii.

Kwa Kiswahili, anza na Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Tafsiri ni ya Ida Hadjivayanis, ikachapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobel. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu baba yake ana deni asiloweza kulilipa. Kuna vitabu ambavyo tafsiri huvipunguza, lakini hiki kimerudi nyumbani: watu wa pwani wanazungumza kwa lugha ambayo wangeizungumza kweli, na matusi ya barazani yana makali yake. Kinapokwamisha ni katikati, safari ya bara inaporefuka na majina ya wapagazi na machifu yanapojazana. Hapo usisome kurasa tano tano. Tenga muda umalize safari yote kwa vikao viwili au vitatu, la sivyo utasahau nani anamdai nani, na deni ndilo linaloendesha kila kitu humu.

Wimbo wa Lawino, shairi refu la Okot p'Bitek ambamo Lawino anamlalamikia mumewe Ocol, katika tafsiri ya Paul Sozigwa ya mwaka 1975, una sehemu 13 na unataka kusomwa kwa sauti. Soma sehemu moja kwa kikao, kwa sauti, ukiwa na msikilizaji ikiwezekana. Ukiusoma kimya unageuka malalamiko ya mke tu, na mashambulizi yake yanapoteza mdundo. Sehemu ya 11 ndiyo ngumu kwa vijana, kwa kuwa inagusa uhasama wa vyama vya wakati wa uhuru: Ocol yuko chama cha DP (Democratic Party), ndugu yake yuko chama cha Congress. Mweleze kijana hilo kwanza. Sehemu ya 12, Lawino anapoilaani nyumba ya mumewe iliyojaa vitabu, kila mpenda vitabu aisome kwa unyenyekevu.

Tahadhari kwa mnunuzi: nakala nyingi za kitabu hiki ni kuukuu au ni fotokopi. Fungua katikati uangalie kama gundi ya mgongo imekauka na karatasi zinaachia. Kwenye fotokopi kagua ukingo wa kulia wa kila ukurasa. Katika riwaya neno lililokatwa unaweza kulikisia; katika shairi ukilikosa neno la mwisho, mshororo wote umekufa.

Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, ni fupi, na ufupi huo ndio mtego. Walimu huwapa wanafunzi mapema mno. Karama anashtakiwa kwa kutaka elimu ya sheria katika nchi inayoelea hewani, naye anajitetea kwa visa vya wajumbe sita. Visa vinafanana umbo: mjumbe anatumwa, anateseka, anarudi na jambo jema, anafungwa. Ukivisoma vyote kwa pamoja utachoka kisa cha tatu. Soma kimoja kwa siku, kamusi ikiwa karibu.

Mzimu wa Watu wa Kale wa Mohamed Said Abdulla ni upelelezi mtupu, na mpelelezi wake, Bwana Msa, anafurahisha hadi leo. Mpe kijana asiyependa kusoma.

Kitabu cha sita si cha fasihi: Mahali Pasipo na Daktari, cha David Werner. Michoro yake ni safi na maelezo ya usafi, majeraha na uzazi yanaeleweka na yeyote anayejua kusoma. Lakini angalia mwaka wa toleo kabla ya kufuata kurasa za dawa. Matoleo ya zamani yaliandikwa wakati klorokwini bado inaponya malaria. Uganda iliacha kuitegemea, na tiba ya kawaida sasa ni dawa mseto zenye artemisini. Maelekezo ya kinywaji cha kumrudishia maji mwenye kuharisha hayajachakaa: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha, si vya kurundika. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto, na sukari ikizidi huongeza kuharisha. Kwa vipimo vya dawa yoyote, uliza kituo cha afya.