Meza ya panya: nimekaa nayo mwaka mzima, haya ndiyo niliyoyaona

Haya jamani, karibuni tena. Leo hakuna simu, hakuna blenda. Leo ni meza ya kahawa, ya mwaloni mtupu. Ngoja kwanza nizime taa ya juu niwashe hii ya pembeni. Mmeona? Uso wote una mawimbi, kama mchanga maji yakishatoka. Mgeni mmoja aliipapasa akanihurumia: "Ndugu yangu, umeuziwa meza haijapigwa randa."

Hii imepigwa tezo. Watu wa Lamu na Nungwi mnaijua tezo, ni shoka hiyohiyo ya kuchongea mataruma ya jahazi. Asili ya meza hizi ni huku Uingereza: kijiji cha Kilburn kule Yorkshire, kulikuwa na seremala anaitwa Robert Thompson, amezaliwa 1876, amefariki 1955. Ujanani alipelekwa kujifunza uhandisi, hakuupenda. Njiani alikuwa akipitia kanisa kuu la Ripon, akasimama kutazama nakshi za mafundi wa kale, na moyo wake ukabaki humo. Ni njia ileile ya akina William Morris, mbunifu wa Kiingereza, na wenzake wa vuguvugu la Sanaa na Ufundi: samani iwe ya mti halisi, viungo vionekane, na mkono wa fundi usifichwe.

Sasa nasogeza kamera mguuni. Huyo hapo, panya wa kuchongwa! Inasimuliwa kwamba Thompson alikuwa kazini kanisani, mwenzake akalalamika kuwa wao ni maskini kama panya wa kanisani. Basi akachonga panya palepale, na baadaye akamfanya alama yake. Panya wa mwanzo walikuwa na miguu ya mbele, lakini ilikuwa ikivunjika, ikaachwa. Karakana ya Kilburn bado inafanya kazi, iko mikononi mwa kizazi chake.

Nisikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo pesa za watu zinapopotea. Usinunue panya. Panya anaweza kuchongwa na yeyote juu ya meza yoyote, na wapo waliofanya hivyo. Tena Yorkshire ina mafundi wengine wenye alama zao, yupo wa sungura, yupo wa kindi, na kazi zao si haba. Wewe fumba macho, pitisha kiganja. Tezo ya mkono haiachi mabonde yanayolingana. Moja refu, jingine fupi, jingine limekata kona. Ukihisi kila kibonde ni pacha wa mwenzake, shika pochi yako.

Halafu tazama ubao wenyewe. Gogo likipasuliwa robo, mbao zikakatwa kuelekea kwenye kiini, hutokea hii mistari inayong'aa kama magamba ya samaki. Ubao wa namna hii haupindi ovyo. Unapotea mti mwingi kuupata, ndiyo maana bei inauma.

Matumizi je? Kikombe hakiyumbi, mawimbi ni mepesi. Makombo ya mkate yanakaa mabondeni, utafuta mpaka uchoke. Na ukitaka kuandikia juu yake, sahau: kalamu inatoboa karatasi. Mtoto wangu anafanyia hesabu sakafuni. Uzito nao, hii ndogo hivi naihamisha kwa kupumzika njiani. Nta mara mbili kwa mwaka inatosha, vanishi usithubutu.

Kosa nililofanya ni langu mwenyewe. Niliacha kopo la chuma lenye maua, limelowa chini, usiku kucha. Asubuhi, pete nyeusi kama wino. Na kweli ni wino! Mwaloni una tanini nyingi, na tanini ikikutana na chuma na maji inatoa weusi uleule waliokuwa wakiandikia watu wa zamani. Ndiyo maana mafundi wa mwaloni hupenda vigingi vya mti na skrubu za shaba.

Je, ningeinunua tena? Ndiyo, ila mnadani, iliyokwisha kutumika. Mpya ni ya mtu mwenye pesa ya kukaa.

Pete yenyewe bado ipo, hii hapa chini ya kitambaa. Nimeshanunua asidi ya oksaliki, dawa ya kufutia weusi kama huu. Nitaijaribu kwanza kwenye kipande cha mbao, na kikiharibika mtakiona.