Tahadhari: onyo la virusi lenye namba ya simu

Ndugu zangu mnaotumia kompyuta za Windows, hasa wenzangu wenye vibanda vya kuchapa na kutoa fotokopi hapa Arua, naomba msome haya kabla hayajawafika.

Wiki iliyopita msaidizi wangu alikuwa akimtafutia mteja fomu mtandaoni, mara skrini nzima ikawa nyekundu, king'ora kikalia, na maandishi yenye nembo ya Microsoft yakadai kuwa kompyuta imefungwa kwa sababu ya virusi, hivyo tupige simu haraka. Kijana akapiga. Akapokelewa na mtu mpole sana, aliyemwelekeza apakue AnyDesk (programu halali ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali, ambayo hata mafundi wa kweli huitumia), kisha akaingia ndani ya kompyuta, akafungua Event Viewer na kumwonyesha safu ndefu ya alama nyekundu, akisema kila moja ni kirusi. Hapo ndipo alipomnasa, kwa kuwa Event Viewer ni daftari tu la matukio ya Windows, na hata mashine yenye afya huandika humo makosa madogo madogo kila siku. Nilipofika, shilingi 180,000 zilikwisha kutumwa kwa simu, na yule bwana alikuwa akidai nyingine za leseni.

Microsoft yenyewe imeeleza wazi kwamba ujumbe wake wa makosa na maonyo hauwekwi namba ya simu kamwe, wala haiwapigii watu simu bila kuombwa. Onyo halisi la ulinzi wa Windows hujitokeza bila king'ora kwenye pembe ya chini ya skrini, na ukilibofya hufungua Windows Security iliyomo ndani ya kompyuta yako. La uongo hukutoa nje, likakupeleka kwa mtu. Lakini pembe hiyo nayo isiaminiwe kijinga: ukiwahi kuruhusu tovuti fulani ikutumie arifa, itaweza kukutupia maonyo mahali pale pale, ila ukitazama vizuri utaona jina la kivinjari, kama Chrome, pamoja na anwani ya tovuti hiyo. Arifa za namna hiyo huzimwa katika mipangilio ya kivinjari.

Skrini ikifungwa namna ile, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili ifunguke Task Manager (orodha ya programu zinazoendelea), uchague kivinjari humo, ukifunge kwa End task. Kikikataa, izime kompyuta kabisa, na ukiiwasha usikubali kurudishiwa kurasa za awali. Aliyekwisha kumruhusu mgeni kuingia akate intaneti mara moja, aiondoe programu iliyopakuliwa, na abadilishe nywila kwa kutumia kifaa kingine, akianza na ya barua pepe. Pesa ikiwa imetumwa, piga simu kwa kampuni ya mtandao wako wa simu kupitia namba yake rasmi bila kukawia, maana mpokeaji akishaitoa kwa wakala ni vigumu kuipata. Polisi nao wapewe namba iliyopokea na ujumbe wa muamala; msiufute hata kama unawatia aibu.

Jana yule bwana alipiga tena, kwa sauti ile ile ya upole, akisema kampuni yao inafungwa na anataka kuturudishia pesa yetu, ila ni lazima kwanza tufungue AnyDesk.