CouchDB na PouchDB kwenye maghala ya korosho: mtandao ukipotea, mzani unaendelea

Tathmini nyingi za programu za kanzidata huandikwa na watu wenye faiba mezani. Wanapima kasi, wanapima uzuri wa skrini, basi. Mimi nakaa Chuno, Mtwara mjini, na kazi yangu ni kutunza rekodi za vyama vya msingi vya korosho, kuanzia Nanyamba hadi kule juu Newala. Kila programu naiuliza swali hilohilo: mtandao ukipotea saa nne asubuhi, foleni ikiwa ndefu ghalani, karani anaendelea kuandika au anarudi kwenye kaunta buku?

Nimetumia MongoDB na nimetumia CouchDB. Nimebaki na CouchDB, ingawa kwa sura imeachwa mbali sana na mwenzake.

Zote mbili ni kanzidata za hati. Kila rekodi inajitegemea, haibanwi na jedwali lenye nguzo zilezile kwa kila mtu, na kwa korosho hilo linafaa mno. Mkulima huyu ana shamba moja, yule ana manne kwenye vijiji tofauti. Huyu analipwa mwenyewe, yule alishafariki na msimamizi wa mirathi ndiye mwenye akaunti ya benki. Ukiyaweka hayo kwenye jedwali, utajaza visanduku vitupu hadi uchoke.

MongoDB nianze kwa kuisifu. Ina programu ya bure iitwayo Compass, na ukiifungua unaona hati zako zote, unachuja, unasahihisha, unatoa faili la kupeleka kwenye Excel bila kuandika amri hata moja. Kwa nakala za akiba kuna mongodump na mongorestore, amri mbili ambazo hata kijana wa mazoezi ya kazi anazishika siku ileile. Shida inaanza kwenye kusinki, yaani kuoanisha rekodi kati ya vifaa na seva. Seva za MongoDB zinapokaa kama kundi, moja tu ndiyo kuu, na yote yanayoandikwa hupitia kwake. Seva ya pembeni ikikatwa peke yake na wenzake inaweza kusoma, kuandika haiwezi. Nikiweka seva kuu mjini na mtandao wa Newala ukalala, Newala nzima imelala nao. Kulikuwa na huduma yao ya kuoanisha vifaa vya mkononi, Atlas Device Sync. Septemba 2024 walitangaza kuiacha, na tarehe 30 Septemba 2025 ikafungwa. Aliyejenga kazi yake juu ya hiyo alilazimika kuhama, na Oktoba kwetu ndiyo minada ya korosho inapoanza.

CouchDB ilianzishwa mwaka 2005 na Damien Katz, ambaye kabla ya hapo alifanya kazi kwenye Lotus Notes, programu ya zamani iliyotegemea sana wazo la watu kufanya kazi mbali na seva na kuoanisha baadaye. Tangu 2008 iko chini ya Apache, taasisi ya programu huria, na ni ya bure. Asili hiyo inaonekana. Kila kituo kinaruhusiwa kuandika, hakuna anayeomba ruhusa kwa mkubwa. Mwenzake PouchDB anakaa ndani ya kivinjari, kwa hiyo kishikwambi cha kawaida chenye Chrome kinakuwa kanzidata kamili mkononi mwa karani. Mtandao ukirudi, vishikwambi vinazungumza na seva, vinaangalia viliishia wapi, na vinapelekeana yaliyobadilika tu. Bando haliteketei.

Na havitegemei saa ya kifaa kuamua kipi kipya. Nalitaja hili makusudi, maana vishikwambi vya ghalani vikizimika kabisa kwa kukosa chaji, mara nyingi vinaamka na tarehe ya ajabu.

Mei 2024 ndiyo iliyonipa imani. Kimbunga Hidaya kilikuja na mvua zilizokata barabara ya Dar pale Somanga, kisha tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika na intaneti ya nchi nzima ikawa ya kubahatisha. Korosho hazikuwa msimu, sisi tulikuwa tunahakiki daftari la wakulima kwa ajili ya mgao wa salfa, dawa ya mikorosho. Makarani waliendelea kuandika kana kwamba hakuna kilichotokea. Mtandao ulipotulia, hati zikaingia zenyewe.

Sasa niende kwenye jambo ambalo watu hawaambiwi. Makarani wawili wakisahihisha hati moja wakati hawaonani, tuseme wa Mahuta amebadilisha namba ya simu ya mkulima na wa Tandahimba amebadilisha akaunti yake, CouchDB haichanganyi mabadiliko hayo. Inaweka matoleo yote mawili, inachagua moja la kuonyesha, na lile jingine inalificha. Uchaguzi wenyewe ni wa kimashine: historia iliyo ndefu inashinda, zikilingana inaangaliwa alama ya toleo ipi iko mbele. Nani aliandika mwisho, au nani ana haki, CouchDB haijali. Lakini seva zote zitachagua lilelile, na lililofichwa halijafutwa. Usipoliulizia kwa makusudi, hutajua lipo.

Wengi wanaona hiyo ni kasoro. Mimi naona ni uaminifu, ila unadai upange kazi yako sawasawa. Kwangu kila upimaji kwenye mzani ni hati yake. Namba yake ina alama ya ghala, alama ya kishikwambi, tarehe na namba ya foleni, kwa hiyo maghala mawili hayawezi kugombea hati moja. Kilo zikikosewa, hati ya zamani haiguswi, inaandikwa hati mpya ya masahihisho inayoitaja. Wakaguzi wa ushirika wanapenda hivyo kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kuwaonyesha. Taarifa za mkulima mwenyewe, zile za simu na akaunti, zinabadilishwa ofisini tu.

Mzee mmoja pale Kitaya alikitazama kishikwambi kwa mashaka, akaniuliza, "Mwanangu, kibao hicho kikifa, na kilo zangu zinakufa nacho?"

"Zikishafika Mtwara hazifi, mzee," nikamjibu. "Kabla hazijafika, shika karatasi yako."

Ndiyo hali halisi. Kishikwambi kikitumbukia kwenye ndoo kabla ya kusinki, hati zake zimeondoka. Pia mtu akifuta data za kivinjari, PouchDB inafutika pamoja nazo, kwa hiyo vifaa vya kazi visichezewe na watoto. Risiti ya karatasi ibaki.

Upande wa usimamizi, CouchDB inakuja na ukurasa wake uitwao Fauxton. Unafunguka, unaonyesha kanzidata, unaanzisha urudufishaji, yaani kunakili hati kwenda kanzidata nyingine, unakuonyesha kazi zinazoendelea. Zaidi ya hapo ni mateso. Kutafuta mkulima kwa jina lazima kwanza utengeneze faharasa, yaani orodha ya kutafutia, ukisahau inapekua hati zote moja moja. Hakuna kitufe cha kutoa faili la Excel. Mimi niliandika programu ndogo ya kazi hiyo, na karani asiye na mtu kama mimi atahangaika. Nakala za akiba ni rahisi kwa namna yake: rudufu kwenda kompyuta ya pili, au nakili mafaili yenyewe huku seva ikifanya kazi, maana huandikwa kwa kuongeza mwishoni tu.

Kufuta ndiko kunakochosha. Hati iliyofutwa huacha alama yake ili vituo vingine navyo vifute, na alama hizo hurundikana. Kwa hiyo sifuti. Kila msimu una kanzidata yake, korosho_2024, korosho_2025, na msimu ukifungwa na malipo yakikamilika naihamishia kwenye hifadhi yote kwa mkupuo.

Usalama uangalieni. Kuanzia toleo la 3.0, la mwaka 2020, haiwaki bila neno la siri la msimamizi, na ni heri, kwa sababu zamani kila aliyeifikia alikuwa bosi. Lakini mwenye ruhusa ya kusoma kanzidata anasoma hati zote zilizomo. Huwezi kumfungia karani wa kijiji kimoja asione akaunti za kijiji kingine kama zimekaa pamoja. Ndani ya kila msimu, kila chama kiwe na kanzidata yake, hasa sasa ambapo tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano imezuiwa na Fauxton. Na kama ofisi yenu ni moja, kompyuta zote chumba kimoja, msihangaike na haya: chukueni MongoDB na Compass yake, mtafanya kazi kwa raha zaidi.