Darasa la mazoezi au mkufunzi binafsi: kipi cha kulipia kwanza jijini Arusha

Anayelipia mazoezi hununua vitu viwili kwa pamoja: jicho la mtaalamu linalomrekebisha pale mwili unapokosea, na sababu ya kutoka nyumbani siku ambayo hana hamu kabisa. Jicho hilo huhitajika zaidi katika wiki za mwanzo, ilhali sababu ya kutoka huhitajika mwaka mzima, na ndiyo maana sioni busara ya kuvilipia vyote viwili kwa bei ya juu kwa muda uleule. Mpangilio ufuatao umefuata hoja hiyo, na unamhusu mtu mzima mwenye afya ya kawaida anayeanza au anayerudi mazoezini.

Nafasi ya kwanza naipa njia ya kuchanganya: vipindi vinne hadi sita vya mkufunzi binafsi, kisha darasa la kikundi linalolipiwa mwezi kwa mwezi. Chukua zoezi la kuchuchumaa ukiwa na chuma mabegani. Mkufunzi aliyesimama ubavuni mwako ataona kisigino kikinyanyuka, goti likiingia ndani na mgongo ukipinda kabla wewe mwenyewe hujahisi lolote. Atapunguza uzito, atakupanua miguu kidogo, na atakurudisha kwenye zoezi hilohilo mpaka mwili ulizoee. Darasani, ambako watu thelathini wanafuata mwalimu mmoja huku muziki ukipigwa kwa sauti ya juu, kisigino cha aliye mstari wa nyuma hakionwi na mtu. Ukishajifunza mikao hiyo ya msingi, unaingia kwenye kikundi ukiwa na uwezo wa kujirekebisha, na gharama ya kila mwezi inashuka sana.

Nafasi ya pili ni darasa peke yake, na linamtosha anayetaka aerobiki, zumba au mazoezi mengine yasiyo na vyuma vizito. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Vipindi vitatu vya saa moja vinakupa dakika 180, mradi uvihudhurie. Hapo ndipo umbali unapokuwa muhimu kuliko ubora wa vifaa. Mkazi wa Sakina anayelipia darasa la jioni Njiro atapambana na foleni ya kuvuka mji kila anapotoka kazini, na ni nadra kwa mtu kuvumilia hali hiyo kwa muda mrefu. Tuseme ada ni shilingi 60,000 kwa mwezi: ukihudhuria mara 12, kila kipindi kimekugharimu shilingi 5,000, lakini ukienda mara nne tu, umelipa shilingi 15,000 kwa kipindi. Piga hesabu hiyo kwa siku utakazohudhuria kweli. Kama darasa linafanyika uwanjani, uliza pia watahamia wapi wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei. Asiye na fedha kwa sasa asikae bure, kwani vikundi vya mbio za pole vinavyokimbia alfajiri za mwisho wa wiki hudai mchango mdogo na pengine fulana, na vimewaandaa wengi kwa Kilimanjaro Marathon inayofanyika Moshi kila mwaka.

Nafasi ya tatu ni mkufunzi mmoja kugawana na rafiki au jirani mmoja au wawili. Inafaa mkiwa na nguvu zinazokaribiana na ratiba moja.

Mkufunzi binafsi wa miezi mingi naweka nafasi ya nne, ingawa kuna watu ambao kwao anapaswa kuwa wa kwanza: aliyetoka kwenye upasuaji, mama aliyejifungua karibuni, mwenye presha au kisukari. Hawa waanze kwa daktari, kisha watafute mkufunzi aliye tayari kufuata maelekezo ya hospitali. Mwenye presha, kwa mfano, akibana pumzi anaponyanyua chuma, shinikizo la damu hupanda ghafla, na anayetumia insulini anaweza kushukiwa na sukari katikati ya zoezi. Mkufunzi asiyeuliza habari hizi siku ya kwanza hafai. Anayejiandaa kupanda Kilimanjaro naye anaweza kufaidika, hasa kwa kuimarisha misuli ya mapaja, kwa sababu kushuka kutoka mita 5,895 ndiko kunakoumiza magoti. Hata hivyo, amwepuke anayeahidi kwamba mazoezi yatamkinga na ugonjwa wa mwinuko, kwa kuwa hata mwenye misuli imara huupata, na kinga yake ni kupanda polepole kwa siku za kutosha.

Mwishoni kabisa naweka malipo ya mwaka mzima kwa mkupuo, hata punguzo likivutia namna gani. Wengi hulegea baada ya miezi michache, na jimu inaweza kubadilisha saa, walimu au wamiliki wakati fedha zako zimeshaingia.

Kabla ya kulipa chochote, omba kipindi kimoja cha majaribio, kisha mkubaliane kwa maandishi idadi ya vipindi, tarehe ya mwisho ya kuvitumia, na kitakachofanyika mkufunzi asipofika au wewe ukiugua. Ukilipa kwa simu, tuma kwenye namba ya biashara na si ya mkufunzi mwenyewe, na udai risiti siku hiyohiyo.