Matembezi ya Mji Mkongwe Bagamoyo: mwongozaji mzuri, ila mwaka mmoja kakosea

Jumamosi nilimpeleka mjomba, tukamlipa kijana mmoja elfu ishirini kwa watu wawili, saa mbili na ushee kwa miguu. Elfu ishirini hiyo siijutii.

Pale Boma ya Wajerumani ndipo alipong'ara. Alituonyesha mahali kuta zilipoporomoka baada ya mvua za El Niño za 1997 hadi 1998, akaeleza jinsi jiwe la matumbawe lililofungwa kwa chokaa linavyokunywa maji paa likishaharibika: chokaa hulegea, boriti huoza, ghorofa inashuka. Mjomba, fundi mwashi mstaafu, alitikisa kichwa kukubali. Si kawaida yake.

Kasoro: alisema Boma ilijengwa Bagamoyo ikiwa bado makao makuu ya koloni. Hapana. Makao yalihamia Dar es Salaam 1891, Boma ikajengwa 1897 kwa utawala wa wilaya tu. Nilimwambia taratibu, akashukuru, akaandika kwenye simu.

Ngome Kongwe tuliipitia mbiombio. Ilianzishwa na Mwarabu mwaka 1860, Wajerumani wakaichukua, baadaye ikawa gereza. Mimi ningekaa zaidi humo, maana ina kivuli.

Akataja na kunyongwa kwa Abushiri, aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, huko Pangani, Desemba 1889. Hapo mjomba, mzaliwa wa Pangani, akamnyang'anya uongozaji kwa dakika ishirini nzima.

Nendeni asubuhi, na maji yenu. Nyota nne.