Kozi ya intamidieti ya kompyuta hapo tao: Excel iko sawa kabisa, hiyo ya ufundi sasa...

Watu kadhaa wameniuliza hii kozi kama inafaa pesa, so wacha niseme yote mara moja. Ni chuo kimoja hapo Tom Mboya Street, Nairobi, jina siweki, juu bado nawadai cheti changu. Nilisoma jioni, miezi miwili, elfu saba mia tano.

Mjue mimi si mtu wa ofisi. Nashinda Luthuli Avenue kwa kaduka ka simu na laptopu, kuna mzee hapo fundi wa miaka mingi ndiye ananifunza kazi. Sasa siku moja nikaamua tuwache kuandika wateja kwa kaunta buku, nifungue Excel kama watu. Nikaandika IMEI, ile namba ya kutambulisha simu, nikabonyeza enta, ikageuka 3.56E+14. Namba za wateja nazo zikapoteza sifuri ya mbele, 0722 inakuwa 722. Nikajua tu laptopu imeingia virusi, nikai-skani usiku mzima, wapi.

Mwalimu wa Excel ndiye sababu naandika hii kitu. Siku ya kwanza hakufungua noti, aliuliza kila mtu ni nini imemsumbua, nikamwambia yangu akacheka, "Kijana, hiyo si virusi." Akaeleza Excel ikiona tarakimu tupu inadhani unataka kupiga hesabu, na kwa hesabu sifuri ya mbele haina kazi so inaitupa, na namba ikizidi tarakimu 11 inaionyesha kwa ufupi na hiyo E. Dawa ni kuchagua ile safu yote na kuifanya Text kabla hujaandika, ama uanze na ile alama ya koma ya juu. Halafu akasema shukuru IMEI iko na tarakimu 15, juu Excel inashika 15 tu, ya 16 kwenda mbele inazigeuza sifuri, kwa hivyo namba ya kadi ya benki ukiiandika hivyo ya mwisho imeenda, hata ukibadilisha safu baadaye hairudi. Hapo nikasema pesa yangu imeanza kulipa.

VLOOKUP, ile fomula ya kutafuta kitu kwa listi ikuletee bei yake, alitufunza jioni mbili nzima akitumia listi ya bei za spea, skrini, betri, chaji. Mimi nilisahau kuweka FALSE mwisho, hiyo ndio inaiambia ilete inayolingana kabisa tu, na listi yangu haikuwa imepangwa, ikaniletea bei ya betri kwa skrini, na haikulalamika popote, hakuna eror, hakuna rangi nyekundu. Fikiria ungekuwa umeshampigia mteja. XLOOKUP, ile mpya yake, hatukugusa juu mashine zao ziko na Office 2016 na hiyo haina. Pivot table, ile ya kujumlisha data kwa mafungu, nilidhani ni ya wahasibu, kumbe kwa dakika moja unaona ni modeli gani inaletwa sana mwezi gani, unajua skrini gani ya kununua mapema.

Word iko sawa, mail merge, yaani barua moja kwa watu wengi kila mtu na jina lake, na jedwali la yaliyomo ambalo linajipanga lenyewe ukitumia styles, zile mitindo za vichwa. PowerPoint tulipoteza wiki mzima tukirusha herufi zikizunguka, sijui nani aliuliza hiyo.

Sasa ufundi. Kwa bango wameandika "kwa mafundi watarajiwa" na hapa ndio nimekasirika. Walifungua sipiyu moja ya zamani imejaa vumbi, RAM, ile memori yake, ikapitishwa mkono kwa mkono kama sadaka, tukaambiwa hiyo ndio pratiko. Kueka Windows tuliona kwa video. Noti zao bado ni za Windows 7, na Microsoft iliiacha 14 Januari 2020! Wateja wa Luthuli saa hii wanauliza Windows 10, yenye sapoti yake iliisha 14 Oktoba 2025, wanataka kujua kwa nini laptopu yao inakataa Windows 11, na mara nyingi ni prosesa ya zamani ama TPM 2.0, ile chipu ya usalama, haiko, ama iko lakini imezimwa kwa BIOS, zile setingi za mashine kabla Windows iwake, unaingia tu unaiwasha. Hiyo nilifunzwa na mzee wangu bure nikimshikia tochi.

Mashine ziko ishirini hivi, kama sita hazifanyi kazi, so fika mapema ama utakaa nyuma ya mtu ukimwangalia akibonyeza. Stima ikipotea darasa limeisha, jenereta ni ya ofisi tu. Na kuna pesa ya mtihani, elfu moja, hawakutajii ukijisajili, wanakungoja wiki ya sita.

Kama unataka Excel, ingia, lakini uliza kwanza kama yule mwalimu wa jioni bado yuko, wa asubuhi nasikia anasoma noti tu. Kama unataka kuwa fundi hiyo elfu saba nunua screwdriver poa na laptopu mbovu ya kufungua fungua.

Mzee wangu alikuwa anasema Excel ni mambo za vijana, wiki jana kuna mama alikuja akisema alilipa dipositi ya Tecno yake, mzee badala ya kushika kaunta buku akanigeukia, "Hebu angalia huko kwako." Nikafilta jina, ilikuwa mia nane, tarehe 3. Cheti nayo nimeenda mara tatu, naambiwa nikuje Alhamisi.